Viti Vilivyotazama Kuresoi

Kazi ya kumenya migomba hufanywa asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, kwa sababu utomvu wake ukikauka kwenye nguo huacha doa jeusi lisilotoka hata kwa parafini. Kwa hiyo kina mama wa kiwanda cha mzee Praful, katika eneo la viwanda la Nakuru, walikuwa wakikaa nyuma ya stoo tangu kupambazuka, kila mmoja na kisu chake na gunia la kukalia. Waliuvua mgomba tabaka baada ya tabaka, kama mama anavyomvua mtoto nguo zilizolowa. Matabaka ya nje waliyatupa. Ya ndani waliyakatakata, wakayachemsha kwenye pipa pamoja na soda kali, wakayasuuza mpaka maji yakatoka safi, kisha wakampelekea Nanyama.

Nanyama alisimamia mashine ya kusagia. Ilikuwa na mawe mawili yaliyokaribiana sana hivi kwamba karatasi haikuweza kupita katikati. Alipitisha ule mgomba uliochemshwa mara moja, ukatoka kama uji wa watoto. Aliupitisha tena na tena, na mwishowe ukawa ute mweupe, mzito, unaong'aa kidogo. Prachi, binti wa mzee Praful, aliyesomea mambo ya plastiki kule Pune, aliwaeleza kwamba ndani ya ule ute mna nyuzi nyembamba mno, na kwamba unywele wa mtu ukilazwa kando yake ni kama nguzo ya stima. Nanyama hakuziona nyuzi hizo, lakini aliziamini, kama anavyoamini chumvi iliyokwisha kuyeyuka kwenye mchuzi.

Nyuzi hizo zilikaushwa, zikachanganywa na plastiki iliyookotwa kwenye jaa la Gioto, zikayeyushwa pamoja na kumiminwa kwenye kalibu ya chuma, kikatoka kiti. Kabla ya hapo plastiki ya jaani haikuwa na nguvu. Viti vya Praful vilikuwa vimepata jina baya katika mji mzima. Vilivunjika matangani na harusini, na watu wakaviita viti vya kuokoka, kwa kuwa ukikaa unajikuta umepiga magoti. Prachi alisema mgomba ungeondoa aibu hiyo, na ulianza kuiondoa.

Migomba ilitoka Kisii. Aliyeileta alikuwa Khaemba, dereva wa kenta, lori dogo la kiwanda, na mume wa Nanyama. Alikuwa mtu wa maneno machache aliyependa shati safi. Hata akienda kupakia migomba alivaa shati lililopigwa pasi, akalivua, akapakia akiwa na fulana, kisha akalivaa tena ndipo ashike usukani.

Alikwenda Kisii baada ya Krismasi ya mwaka 2007, baada ya kupiga kura. Matokeo yalipotangazwa na nchi ikawaka, alibaki huko kwa ndugu wa rafiki yake, kenta ikiwa imepakiwa. Mzee Praful alimpigia simu akamwambia asitoke. Nanyama pia alimwambia asitoke. Alitii mpaka siku redio iliposema barabara imefunguliwa. Migomba ilikuwa inaharibika, alisema, na shule ya mtoto ilikuwa karibu kufunguliwa. Akatoka.

Kenta ilipatikana kando ya barabara kuu, chini kidogo ya Sachangwan, ikiwa na ufunguo wake na mzigo wake. Waliofunga njia siku hizo walibeba sukari, saruji, hata milango ya watu, lakini migomba hawakuigusa. Mgomba uliokatwa hauna mwizi. Khaemba hakuwemo. Shati lake lilikuwa limetundikwa nyuma ya kiti cha dereva, maana yake ni kwamba alilivua ili aushike mzigo, akabaki na fulana.

Polisi walivuta kenta mpaka kiwandani Nakuru. Wakati huo Nanyama na binti yake Nekesa walikuwa wakilala ndani ya kiwanda. Nyumba za upande wao wa Kaptembwo zilikuwa zimechomwa, na mzee Praful alikuwa amefungua geti na kuwaambia wafanyakazi waingie wote, bila kuuliza nani anatoka wapi. Walilala kwenye stoo katikati ya mabeseni. Fancy, mmoja wa wamenyaji, alikuwa humo pia. Kakake alikuwa ameuawa mjini, karibu na duka alilofanya kazi. Yeye na Nanyama walitandika pamoja, wakaombana chumvi, na hawakuulizana lolote.

Barabara ilipopitika, Joash, mdogo wake Khaemba, alifika kutoka Bungoma. Alikuwa amezunguka mochari zote kuanzia Eldoret mpaka Molo. Alikunywa chai, kisha akasema neno alilotumwa na wazee.

Kwao, mtu akifa na mwili wake usipatikane, huzikwa mgomba mahali pake. Mgomba hukatwa kwa urefu wa mtu, ukavishwa nguo zake, ukalazwa ndani ya jeneza, ukaliliwa. Bila hivyo marehemu hana kwao. Mjane hanyolewi, na asiponyolewa haruhusiwi kutoka msibani. Anabaki mlangoni, si mke wa mtu na si mjane. Watoto wanaozaliwa katika ukoo hawapewi jina lake. Joash alisema kaburi limekwisha kuonyeshwa mahali pake, kando ya baba yao, na kilichobaki ni mgomba.

"Nyumbani migomba ipo," Joash alisema. "Lakini wazee wanasema mke ndiye anachagua."

Nanyama alikwenda kwenye kenta na kuchagua mmoja katika ile aliyopakia Khaemba kwa mikono yake. Ulikuwa umenyooka, na ulifika pale kichwa cha Khaemba kilipofika alipokuwa akisimama mlangoni. Akaulaza kwenye stoo, ukutani, karibu na mahali alipolala na mtoto.

Migomba mingine yote ilioza kwenye kenta, ikamwagwa. Huu haukuoza. Kila asubuhi pale ulipokatwa palikuwa na maji safi, nayo yalichuruzika polepole kama jasho la mtu anayelala. Wiki zilipita ukabaki mbichi. Mzee Praful aliomba usogezwe kidogo kwa sababu ulikuwa unalowesha maboksi, na Nanyama akausogeza.

Viongozi walipopeana mikono mwishoni mwa Februari, Joash alitafuta gari. Ilikubaliwa kwamba wangesafiri Jumamosi. Hapo ndipo Nanyama alipofanya kosa ambalo mtu mwingine asingelifanya, kwa kuwa mtu mwingine asingemjua Khaemba. Alilitazama lile shati lililotoka kwenye kenta akaona lina grisi kwenye kola. Hakuweza kumvisha shati chafu. Siku ya Alhamisi alilifua, akalianika juu ya seng'enge nyuma ya kiwanda, nalo likakataa kukauka kwa sababu ya wingu. Kwa hiyo mgomba ulilala siku ile na usiku wake bila nguo, ukiwa mgomba tu.

Ijumaa asubuhi kiwanda kilifunguliwa tena. Shirika moja lilikuwa limeagiza viti vya kambi za waliofukuzwa, na mashine zilitakiwa kuanza kazi mara moja. Migomba mipya ilikuwa njiani lakini haikuwa imefika. Fancy, aliyekuwa amehama stoo kabla ya Joash kufika, aliingia kuangalia kilichobaki, akaona mgomba mmoja mbichi umelazwa ukutani, mzuri kuliko yote aliyowahi kumenya. Akaubeba begani.

Nanyama alikuwa nyumba ya jirani, akiazima pasi ya makaa. Aliporudi na shati limekunjwa mikononi, mwanamke aliyeshika zamu yake kwenye mashine alikuwa tayari amepitisha mzigo wa mwisho kwenye mawe. Ute ulikuwa ndani ya karai, mweupe, mwingi kuliko mgomba mmoja unavyotoa kwa kawaida.

Fancy alipoelezwa alikaa chini kwenye gunia lake, mikono ikiwa bado na utomvu.

"Mama Nekesa, ningejua aje?" alisema. "Ungemvisha hata soksi."

Kisha akalia, na Nanyama akakaa kando yake. Fancy hakuwa na mtu wa kuzika upya, kwa sababu kakake alizikwa haraka na watu wa manispaa, na huenda aliona kwamba sasa wamekuwa sawa.

Joash alimwuliza Prachi kama ule mgomba ungeweza kurudishwa. Prachi aliinama akautazama ute kwa muda mrefu, na ilionekana kwamba alikuwa akifikiria kwa kweli, si kwa adabu. Alisema nyuzi zimekwisha kufunguka, na kwamba kuzirudisha ni kama kuitoa sukari ndani ya chai. Angeweza kuzikausha awape kwenye mfuko. Joash alisema hawezi kumpelekea mama yake mfuko. Baada ya saa sita mafundi waliuliza kama waumwage ule ute au waendelee, na kwa kuwa kuumwaga mferejini kulionekana kubaya zaidi, waliendelea.

Vikatoka viti. Vilikuwa vya rangi ya maziwa, na vilitosha kujaza uwanja wa nyuma. Prachi alivijaribu kama kawaida. Alipakia matofali juu ya kimoja mpaka matofali yakaisha, kiti hakikupinda. Alikidondosha kutoka juu ya paa la stoo, kikasimama kwa miguu. Alimwambia baba yake kwamba plastiki ya namna ile hakuwahi kuiona hata maabara.

Vilirundikwa kwenye uwanja usiku ule vikitazama geti. Asubuhi vilikuwa vimegeukia machweo, vyote, kidogo upande wa kusini. Wafanyakazi walivigeuza ili vipakiwe, navyo vikarudi taratibu, kama mtu anayegeuza shingo baada ya kuitwa. Prachi alileta dira, akaleta sumaku, akaleta taa ya joto. Mwishoni alisema vitabu vyake havina sura ya jambo hilo, akaandika kwenye maboksi kwamba viti vipangwe kwa kufuata upande vinaopenda, vikauzwa.

Watu walivipokea bila shida. Kanisa moja la kule Bahati lilinunua vingi, na baada ya Jumapili mbili likahamisha mimbari kutoka mashariki kwenda magharibi. Kinyozi wa Kaptembwo alihamisha kioo. Kambini, waliofukuzwa walivipenda kwa sababu havikuvunjika, na jioni walikaa wote wakitazama milima ya Mau, upande ambako wengi wao walikuwa wameacha mashamba, wakaona hilo ni jambo la kawaida kwa kiti. Wengine walisema viti hivyo vilikuwa na joto kidogo, kama kiti ambacho mtu ametoka kukiinukia sasa hivi.

Nanyama alibakiza viwili. Alikaa kimoja, Nekesa kingine, wakila wakitazama ukuta.

Joash alikuwa amerudi Bungoma na kuwaeleza wazee, nao walikuwa wanafikiri. Mwezi wa Mei walikuwa bado wanafikiri. Joash alikuwa ametoa wazo kwamba kizikwe kiti. Mzee mmoja aliuliza kama kiti kile kinaoza. Joash akampigia simu Nanyama, Nanyama akamwuliza mzee Praful, na mzee Praful, ambaye alitaka sana kumfariji, alimwambia kwa fahari kwamba kiti kile hakiozi, kinaweza kukaa ardhini miaka mia nne na kutoka kama kilivyoingia. Neno hilo lilipofika Bungoma, wazee walikataa. Mgomba huzikwa kwa sababu unaoza kama mtu, unakwenda pamoja naye. Mtu asiyeoza haendi popote.

Baadaye akaja mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kericho, anayeitwa Akoth, kununua mabeseni kwa jumla. Alikuwa amenunua viti pia katika safari iliyotangulia. Akiwa anasubiri kupakiwa alilalamika, bila uchungu, kwamba viti vya Praful vina kiburi. Kule Kericho duka lake linatazama barabara, lakini viti vinatazama mashariki, vinawapa wateja kisogo.

"Mashariki?" Nanyama aliuliza.

"Mashariki. Kama mtu anayengoja mgeni kutoka Molo."

Nanyama alizima mashine. Alikaa kwa muda mkono ukiwa kwenye swichi. Kama vya Nakuru vilitazama machweo na vya Kericho vilitazama mawio, basi havikuwa vinatazama upande. Vilikuwa vinatazama mahali. Alikwenda ofisini kwa Prachi na kuomba kenta.

Prachi hakumwuliza ya nini. Alichukua ufunguo, kwa kuwa kiwanda hakikuwa kimeajiri dereva mwingine, na siku Joash alipofika waliondoka watatu. Kiti kimoja kiliwekwa nyuma, katikati ya bodi, kikafungwa kamba kwa kulegeza ili kiweze kugeuka. Joash alisimama karibu nacho, akishikilia bomba la chuma, na kazi yake ilikuwa kugonga paa la kenta. Kugonga mara moja ni kulia, mara mbili ni kushoto.

Kiti kilitazama mbele Salgaa yote na mlima wote wa Sachangwan. Pale ilipopatikana kenta hakikutikisika. Nanyama alikuwa amekaza mikono mapajani akidhani ndipo, lakini wakapapita kama watu wengine wanavyopapita. Walipoukaribia mji wa Molo kiti kilianza kwenda kushoto, polepole. Joash akagonga mara mbili. Waliacha lami. Waliingia nchi ya juu, ya baridi na ukungu, yenye viazi pande zote mbili za njia na nyumba zisizo na mapaa katikati yake. Kila penye njia panda Prachi alisimamisha gari, wakangoja kiti kiamue. Watoto waliochunga kondoo kando ya barabara walitazama, kisha wakaendelea kuchunga.

Mahali fulani upande wa Kuresoi kiti kiligeuka kabisa kikatazama mlango wa boma moja. Joash aligonga paa kwa kiganja, si mara moja wala mara mbili.

Lilikuwa shamba la viazi linaloteremka mpaka mtoni, na viazi vilikuwa vimetoa maua. Joash alikishusha kiti, akakiweka chini penye nyasi. Kiliinama mbele kidogo, miguu yake ya mbele ikazama kwenye udongo laini, kikatulia.

Mama mwenye boma alitoka akijifuta mikono kwenye leso. Aliwasalimia, akasema anaitwa Milcah, akawakaribisha ndani kwa kuwa kulikuwa na baridi. Ndani kulikuwa na kiti kingine cha rangi ya maziwa, walichokinunua soko la Molo. Kilikuwa kinatazama dirisha la nyuma, na dirisha lilitazama shamba. Milcah alisema mumewe amezoea kukikalia hivyo hivyo, hata akisikiliza redio. Aliwawekea maziwa na viazi vilivyochemshwa. Prachi alikula kimoja. Nanyama alikunywa maziwa kidogo, akaisukuma sahani kando.

Mume wa Milcah aliingia akiwa na koti zito. Alikuwa mzee mpole. Alimpa kila mmoja mkono, akakaa, akaitazama miguu yake.

"Mnatafuta yule wa lori," alisema.

"Ni bwanangu," Nanyama alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alieleza kwamba vijana siku ile walikuwa wengi na hawakuwa wa pale tu. Walimleta kutoka barabarani kwa pikapu ili akaulizwe vizuri. Yeye mwenyewe alisimama hapo mlangoni na kusikia yote. Walimwomba kitambulisho akasema kimebaki kwenye shati.

"Wakamuuliza jina la pili, la kabila, akawaambia," mzee alisema. "Angesema lingine."

"Hakuwa na lingine."

Joash aliuliza walimweka wapi. Mzee alionyesha dirishani, kwa kidevu. Alisema alikuwa amewaambia vijana wasimwache juu ya ardhi, kwa kuwa yeye ni mtu wa kanisa, nao wakachimba. Machi walipanda kama kawaida. Nanyama aliuliza kama wangeweza kumchukua sasa hivi. Joash alikuwa tayari amesimama. Mzee alisema, kwa sauti ile ile, kwamba vijana wengine bado wanakaa hapo hapo, wawili ni wanawe, na ikionekana jembe pale bila karatasi ya serikali patakuwa na maneno tena, na maneno yakiwepo watakufa wengine. Wakileta karatasi hatawazuia. Milcah alikuwa ameshika buli wakati wote huo bila kummiminia mtu.

Walikwenda kituo cha polisi. Afisa aliyewapokea alikuwa kijana wa heshima, akawapa benchi. Alisema kufukua mwili kunahitaji amri ya mahakama, na amri inahitaji taarifa ya shahidi. Joash alisema shahidi yupo. Afisa alikwenda nao mpaka kwenye boma, na mzee akasema hajaona lolote, hajasikia lolote, na kwamba wageni wale walikuja kunywa maziwa. Alisema hayo akimtazama Nanyama kwa huzuni ya kweli. Afisa aliuliza basi walijuaje mahali penyewe. Wakamwonyesha kiti. Alikizunguka, akakigeuza, akangoja mpaka kikarudi. Alikubali kwamba kinageuka.

"Lakini mama," alisema, "kiti hakiwezi kuandikisha statement."

Akawashauri waende kwa kamati ya amani ya wilaya. Kamati ilikaa Nakuru kwenye ukumbi wa kukodi, na viti vya kukodi vilikuwa vile vile, kwa hiyo wanakamati wote waliwapa wasemaji mgongo mpaka meza zilipohamishwa. Nanyama aliongea akasikilizwa. Mwenyekiti alimshukuru kwa ujasiri wake, akasema nchi inahitaji kusonga mbele, akaita mtu mwingine.

Ikabaki njia ya wazee wa Bungoma. Nanyama alimwomba Joash awaombe mgomba mwingine, wowote, hata wa shamba la jirani, ili yeye auvishe shati, auzike, anyolewe, Nekesa awe na mahali pa kuonyeshwa. Joash alikwenda mwenyewe ili neno lisipotee njiani, akarudi na jibu lililokuwa halali kabisa. Mgomba huzikwa kwa niaba ya mtu asiyejulikana alipo. Khaemba anajulikana alipo. Mtu anayejulikana alipo haletewi mgomba, anafuatwa. Ukizika mgomba na mwenyewe yuko mahali unapopajua, umemzika mara mbili, na hakuna aliyewahi kulala kwa amani kwenye makaburi mawili. Wazee walimtuma Joash aseme pole. Walisema kama asingalipajua mahali pale ingekuwa rahisi.

"Shemeji, nimewabembeleza," Joash alisema.

"Najua."

"Wanasema tungoje. Siku moja watu wa kule watalegea."

Kwa hiyo Nanyama alingoja. Nywele zake zilikua akazifunga kitambaa. Kiwandani waliendelea kumenya migomba ya watu wengine, ikawa mizuri, ikatoa viti vya kawaida vinavyotazama utakapo. Jina baya la viti vya Praful likasahaulika.

Julai viazi vya kule vilichimbwa. Nanyama alifika wakati wa kuchimba akasimama uani, na Milcah alimwona na kwenda kumwambia kwamba ule mstari mmoja waliuacha, hawakuutia jembe sana, walivitoa viazi kwa mkono. Alimletea kiti. Tangu hapo Nanyama alipanda gari la Molo kila alipopata ruhusa kazini, akabadilisha gari, akatembea sehemu ya mwisho, akakuta kiti kimekwisha kutolewa nje. Hapakuwa na haja ya kukigeuza. Alikaa juu yake mikono mapajani, akihisi lile joto dogo la plastiki mgongoni, akitazama kipande cha ardhi kilichokuwa hatua chache mbele yake. Wana wa yule mzee walipita na mikokoteni wakamwamkia, naye akaitikia. Milcah alipokuwa na nafasi alileta kigoda akakaa kando, wakachambua mboga. Waliongea juu ya bei za mbolea, na juu ya Nekesa, ambaye alikuwa anaweza hesabu.

Mvua za vuli zilianza mapema mwaka ule. Siku moja alifika akakuta shamba lote limelimwa upya, jeusi, lenye mifereji iliyonyooka, na watu wa boma wameinama wakipanda. Kiti kilikuwa mahali pake. Alikaa. Walipanda wakimkaribia, mfereji baada ya mfereji, mpaka Milcah akafika mbele yake na karai la mbegu kiunoni. Alisimama kwanza, akapangusa uso kwa mkono wenye udongo, akangoja kidogo kama anayetafuta namna nyingine ya kulisema, asiipate.

"Mama Nekesa," alisema, "sogea kidogo. Tunapanda hapo."

Nanyama aliinuka. Alikibeba kiti mpaka ukingoni mwa shamba, akakiweka chini, nacho kikageuka kidogo, kikatazama. Akakaa tena.